Wifi, Tushike Hiki Kimoja

Wifi yangu mpendwa Tusekile,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Mimi sina njia ya kukuuliza yako huko uliko, kwa hiyo nakupa ya kwetu. Tuko wazima. Kaka yako Ambakisye bado anaendesha lori kati ya Iringa na Mbeya, na akilala bado anakoroma mpaka kuku wanashtuka. Anjela ameng'oka meno ya mbele na amekuwa mtoto wa maneno mengi, na wadogo zake wanamfuata kila aendako. Hapa Kihesa kuna baridi mwezi huu, baridi ile uliyokuwa ukiidharau kila asubuhi ukisema kwamba mtu ambaye hajalala Mbeya asizungumze habari za baridi.

Nimechelewa kukuandikia. Nakuandikia leo kwa sababu wiki iliyopita kuna jambo limenitokea, na katika watu wote wewe ndiye niliyetaka kumwambia wa kwanza. Nitalifikia. Kwanza acha tukumbuke pamoja, maana bila hayo ya nyuma hata mimi mwenyewe silielewi vizuri.

Ulikuja kwetu ukiwa umelowa chapachapa. Ulishuka nyuma ya lori na mkungu wa ndizi begani, ndizi za kwenu Tukuyu, na kabla hujanisalimu uliuliza jikoni ni wapi. Mama mkwe alikuwa amekutuma uje ukae nami, kwa sababu tulikuwa tumemzika mwanangu wa kwanza, Yohana, na habari zilimfikia kwamba mkamwana wake hali wala hasemi. Ilikuwa kweli. Majirani walikuwa wameacha kuniita Mama Yohana. Walifanya hivyo kwa huruma, wakarudia kuniita Skola kama msichana, nami kila nilipoitwa hivyo niliona kama mwanangu anazikwa tena. Wewe hukuuliza mtu. Ulitua mkungu, ukaniangalia, ukasema, "Mama Yohana, nipe kisu nimenye hizi ndizi." Nikakupa kisu. Siku hiyo nilikula.

Mimi Mhehe, wewe Mnyakyusa, na katikati yetu kulikuwa na Kiswahili tu, ambacho sote wawili tulikuwa tumejifunza nje ya nyumbani kwetu, mimi kwa kusikiliza sokoni na wewe shuleni kwa wamisionari. Mara nyingine tulikosa neno, ukaweka la kwenu, nikaweka la kwetu, tukacheka. Lakini kuna jambo moja lilinichukua muda kukuambia kwa lugha yoyote. Siku Yohana alipofariki, mwuguzi wa zahanati aliniambia, "Mama, ungejua mapema ukamleta, pengine angepona." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Lakini lile neno liliingia ndani yangu likakaa. Ungejua. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili nikatolewa shule, na nikaona kwamba mwanangu ameuawa na madarasa ambayo sikuyasoma.

Nilipokuambia, ukasema, "Basi tusome."

Tukasoma, wifi. Nani angesema hatukusoma! Uliketi nami kwenye mkeka ukinifundisha kuunganisha herufi, na ulikuwa mwalimu mkali, hukunisamehe hata nukta. Ndani ya msimu mmoja wa mahindi nikawa nasoma peke yangu. Hapo ndipo shida yetu nyingine ilipoanzia.

Miaka ile maarifa yalikuwa yamefunguliwa kama maji ya mfereji. Kwenye jumba la ustawi wa jamii kulikuwa na redio, na Bibi Maendeleo, yule mama wa serikali wa kufundisha wanawake, alikuwa akija na darasa la kushona, la usafi, la kuoka mikate ndani ya debe, la kuchemsha jamu ya pichi. Bwana Shamba aligawa vijitabu vya kuku na vya mbolea. Misheni walikuwa na vya kwao, vya malezi na vya roho. Magazeti yalitangaza masomo ya posta: Kiingereza, kupiga taipu, utunzaji wa hesabu za duka. Kaka yako kila alipotoka safari alikuwa na kitu mfukoni, gazeti alilofungiwa mkate huko Mbeya, kalenda yenye mafunzo ya afya, karatasi aliyopewa na mwenye duka. Nami sikutupa hata moja. Kila karatasi niliyoiona ilinitisha. Nilijiuliza, je, kama lile jambo litakalomponya mtoto mwingine limo humu, nami nimelifungia chumvi?

Kwa hiyo tulichukua vyote. Unakumbuka ile soksi? Nilianza kufuma soksi moja ya mtoto, nikaiacha kisiginoni kwa sababu darasa la kuoka lilianza. Mkate ukaungua kwa sababu nilikuwa nikisoma habari za kuku. Kuku nao wakafa, maana kijitabu kimoja kilisema tuwafungie na kingine kilisema tuwafungulie, nasi tukawafungia asubuhi na kuwafungulia mchana, wale wanyama wasijue wafuate lipi. Nilijua kwa Kiingereza kusema kwamba kalamu iko juu ya meza, lakini meza yenyewe hatukuwa nayo. Niliweza kutaja vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda, kwa ufasaha kama mtoto wa katekisimu, huku ugali wangu ukiwa na mabuje, madonge ya unga usioiva.

Siku moja kaka yako alirudi na njaa yake ya safari ya Mbeya, akakuta makaratasi juu ya kitanda, juu ya mtungi, mengine yamechomekwa kwenye paa. Alisimama mlangoni akavua kofia.

"Samahani," akasema, "nimepotea njia? Naona nimeingia ofisi ya DC."

Wewe ukamjibu bila kuinua macho, "Karibu, bwana. Shida yako nini?"

"Naomba ugali. Sijui uko faili gani."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini nakuambia leo, wifi, baada ya kicheko kile nilibaki na uzito. Nilikuwa nimechoka kichwani kuliko nilivyowahi kuchoka shambani. Nilikuwa nikisoma ukurasa na nikifika chini sikumbuki wa juu. Kila nilichojifunza kilinionyesha vingine kumi nisivyovijua, na kila kimoja kilikuwa na sauti ya yule mwuguzi.

Kisha Anjela akazaliwa. Nilimshika kama mtu anavyoshika yai kwenye mteremko. Alikuwa ameanza kutambaa, kiangazi, vumbi limejaa mpaka ndani ya vikombe, ndipo akaanza kuharisha. Asubuhi ilianza kidogo. Jua lilipopanda alikuwa amelegea, midomo imekauka, na analia bila machozi.

Hapo nilipaswa kuwa mwanamke anayejua. Nilikuwa na vijitabu vyote. Nikavimwaga sakafuni, nikapiga magoti nikaanza kufunua. Kimoja kilisema asipewe chakula mpaka kesho yake. Kingine kilisema apewe uji mwepesi. Kingine kilisema mafuta ya nyonyo yasafishe tumbo. Gazeti lilisema maji ya wali. Kalenda ilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na chini yake maneno ambayo sikuyaelewa. Nilifunua, nikafunua, mtoto yuko mgongoni kwangu, kilio chake kinazidi kuwa chembamba.

Ulitoka mtoni na ndoo kichwani. Nasikia bado jinsi ulivyoitua.

"Wifi, unatafuta nini?"

"Ukurasa."

"Ukurasa gani?"

"Ule wa kweli!" nikakupigia kelele. "Mmoja wao anasema kweli, niambie ni yupi!"

Ulipiga magoti mbele yangu, ukanishika viganja vyote viwili ukavitoa kwenye makaratasi. Viganja vyako vilikuwa vya baridi, vina maji.

"Mama Yohana, nisikilize," ulisema. "Hawa wote walioandika hawajamwona Anjela. Katika mji huu yuko mtu anayeweza kumwona kwa macho yake na kumgusa. Simama. Twende kliniki."

Njia nzima sikunyamaza. Nilikuwa nikisema, lakini kile cha kijani kimesema, lakini kile cha misheni kimesema, nawe ulikuwa ukijibu neno moja tu, "Tembea." Wewe ndiye uliyembeba Anjela.

Mwuguzi tuliyemkuta hakuwa yule wa Yohana. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alimvuta mtoto ngozi ya tumbo, akamtazama machoni na utosini, akauliza ameanza lini, ananyonya au hanyonyi. Kisha akasema nimpe titi kila anapotaka, na katikati nimpe maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kwa kijiko, bila kuchoka, na kesho asubuhi tumrudishe amtazame tena. Basi.

Nikaanza. "Na mafuta ya nyonyo? Na uji? Na maji ya wali? Na kama..."

Alinikatiza kwa upole. "Mama, nimekupa mambo ya leo. Ya kesho nitakupa kesho."

Nilimtazama kama mtu aliyeniondolea mzigo wa kuni kichwani. Nilikuwa sijui kwamba maarifa yanaweza kutolewa hivyo, kwa kipimo cha siku, kama dawa. Tulirudi nyumbani tukakaa na kijiko, wewe zamu yako na mimi zamu yangu. Sikusoma neno. Kesho yake tulipewa mambo ya kesho. Baada ya siku chache Anjela alinishika nywele akavuta kwa nguvu zake zote, nami nililia kwa furaha ya kuumizwa.

Wengine wangeshukuru Mungu na kuendelea kama mwanzo. Wewe hukuniacha. Tulikuwa tukipalilia maharage, Anjela amelala kwenye kanga chini ya mti wa mpichi, ukaegemea jembe ukaniuliza, "Wifi, hivi wewe unataka kujua nini?"

Nikaanza kukuhesabia. Kiingereza, cherehani, kuku, taipu.

"Hayo ndiyo unayotaka watu waone unayajua. Mimi nakuuliza unataka nini. Kile ambacho ukiamka asubuhi na umechoka bado unakitaka."

Niliangalia udongo. Nikasema, "Nataka watoto wasife."

Ulipalilia mstari mzima. Uliporudi ulisema, "Mimi nataka nijue kuzalisha. Tangu nimeona mama yangu mdogo anavyokufa na mtoto ndani yake, nataka hilo. Lakini na mimi nimekuwa nikifuma soksi." Kisha ukasema, kwa ile sauti yako ya kukata shauri, "Basi, wifi, tushike hiki kimoja. Afya ya mama na mtoto. Kimoja tu, mpaka mikono ijue. Vingine vyote vitoke nyumbani."

Kutoa ilikuwa kazi kuliko kusoma. Tulifunga makaratasi kwa kamba ya mgomba tukayapeleka sokoni kwa wauza karanga. Kila fungu nililolitua lilikuwa kama namwacha mtu barabarani. Tulibakiza kijitabu kimoja cha malezi, alichotupa yule mwuguzi mwenye mikono mikubwa, kwa sababu yeye tulimjua na tungeweza kwenda kumwuliza. Wiki iliyofuata nilinunua karanga, na nilipozifungua nikakuta zimefungwa kwa somo langu la nne la Kiingereza. Nikasimama pale pale njiani nikaanza kulisoma. Uliniona kwa mbali. Ulikuja, ukachukua karanga zote ukazitia kwenye upindo wa kanga yako, ukanirudishia karatasi ikiwa tupu. "Chagua," ukaniambia, huku unatafuna. Niliikunja, nikaitupa. Mpaka leo kalamu yangu ya Kiingereza iko juu ya meza na haijashuka.

Halafu akaja Bibi Maendeleo. Alikuwa mtu mwema na alitupenda, ndiyo maana ilikuwa vigumu. Alileta vijitabu vipya vizuri, vyenye picha za rangi, na habari za darasa jipya la kudarizi. Mikono yangu ilikuwa tayari imekwisha nyooka. Wewe uliinama kwa heshima ukasema, "Ahsante sana, mama. Tukimaliza hiki tulicho nacho tutakuja wenyewe kukuomba."

Akashangaa. "Wenzenu wanatoka Kalenga kwa miguu kuyafuata maarifa, ninyi nawaletea mlangoni mnayakataa?"

"Hatuyakatai, mama. Tumeshiba kwa sasa. Hiki hakijashuka tumboni."

Aliondoka amenuna. Nilidhani tumemkosea mtu wa serikali. Wewe ulisema, "Atarudi," ukaendelea kuchambua mchele. Na kweli alirudi, na baadaye ndiye aliyekuombea nafasi ya kusomea ukunga, lakini siku ile hatukulijua hilo.

Tulisoma kijitabu kile kama watu wanaovuka mto juu ya mawe. Hatukuhamia ukurasa wa pili kabla wa kwanza haujawa kazi ya mikono. Ukurasa wa maji ulituchukua muda mrefu. Tulichemsha ya kunywa, ya mtoto, ya kuoshea vyombo vyake, mpaka kaka yako akauliza kama na ya kunawia miguu yake yamechemshwa, maana kuni alizoleta kutoka Sao Hill zilikuwa zimekwisha. Ukurasa wa choo ulituchimbisha shimo; tulichimba wenyewe, wewe ndani mimi nikivuta ndoo, majirani wakipita wanacheka. "Hawa mabinti wa shule," walisema, "kijitabu chembamba hivyo, mwaka mzima hawajakimaliza."

Lakini ni jirani mmoja wa hao hao aliyekuja mchana mmoja na mtoto mkononi, amelegea kama Anjela alivyolegea. Hukuwepo, ulikuwa shambani. Nilimtazama mtoto machoni na utosini. Nilivuta ngozi ya tumbo. Sikufungua kitabu, wifi, wala hata sikukikumbuka. Nilijua la kufanya, na nilijua pia mahali ujuzi wangu unapoishia, nikamwambia yule mama, "Mpe titi tukiwa njiani, nakusindikiza kliniki sasa hivi." Uliporudi ukanikuta nimekaa kizingitini, mikono imelala mapajani. Nikakusimulia. Ulisema neno moja la kwenu, "Ndaga," ahsante, kana kwamba mtoto yule alikuwa wako.

Ulipokwenda kusomea ukunga, nyumba ilikuwa kubwa mno. Ulirudi umevaa gauni jeupe, mwembamba, mtulivu zaidi, na wakakupangia Madibira. Mara moja kaka yako alikuwa na safari ya kufuata mpunga huko, nikapanda lori. Tuliteremka kutoka baridi ya Mafinga mpaka bonde lile la joto na mbu, vumbi jekundu limetufunika. Nilikukuta mlangoni kwako, wanawake wa Kisangu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakikungojea, wengine wametoka mbali sana na ng'ombe zao. Nilikutazama ukifanya kazi siku nzima. Hukuwa na haraka. Jioni tulipokuwa tukila nilikuuliza kama huogopi, peke yako huku, mbali na daktari.

"Naogopa," ulisema. "Mimi najua vitu vichache, wifi. Lakini hivyo vichache, ukiniamsha usingizini navijua." Kisha ukanimegea samaki ukanitilia upande wangu. "Na wewe ungeviweza. Usikae Kihesa ukazeeka kwa kunisifu mimi."

Nilicheka. Nilisema mimi mke wa mtu, mama wa watoto, darasa la pili. Hukucheka. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho ya kukaa chini.

Masika ile njia ilikatika kwa mafuriko. Dereva mwenzake kaka yako ndiye aliyeleta habari, amevua viatu mlangoni kama watu wanaoingia msibani, na nilipoona hajavaa viatu nilijua. Homa. Ilikushika ukiwa umetoka kuzalisha, na kabla maji hayajapungua ulikuwa umekwisha zikwa. Watu wa Madibira walikuzika kwa heshima, alisema, akina mama ndio waliotangulia mbele. Sisi hatukuona hata udongo wa kaburi lako.

Sasa nikuambie kilichonipata, maana wewe ungenijua hata bila kuambiwa. Nilianza tena. Nilitaka kuijua ile homa. Niliomba vijitabu vya mbu, magazeti, nilimwuliza kila mtu aliyepita kliniki, nilirudi kwa Bwana Shamba kuuliza habari za mabwawa, nikamtuma kaka yako alete chochote atakachokiona Mbeya. Alileta. Kila safari alileta. Mpaka siku aliponikuta nimekaa katikati ya makaratasi juu ya kitanda, sijachana nywele, watoto wanakula viazi vya jana. Aliketi pembeni. Aliokota karatasi moja akaigeuza huku na huku.

"Unamtafuta humu?" akaniuliza.

Niliendelea kufunua.

"Hayumo, Mama Anjela. Nimemtafuta na mimi."

Wifi, sikujua kwamba alikuwa akisoma kila karatasi njiani kabla ya kunipa, akisimamisha lori kando ya barabara. Kaka yako, yule wa faili la ugali. Tulilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu habari ije. Kesho yake niliyafunga yote, naye akayabeba. Nikakoga, nikawapikia watoto, nikaketi nikajiuliza lile swali lako la shambani. Jibu halikuwa limebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sikuwa tena na wewe wa kwenda mbele yangu.

Kwa hiyo nimekwenda mimi. Nilimfuata Bibi Maendeleo nyumbani kwake, nikamwambia nimekimaliza kile nilichokuwa nacho na sasa nimekuja kuomba nafasi ya kusomea ukunga. Alinishika mabega. Ilichukua muda, na watu wamesema mengi, kwamba nimechelewa, kwamba mwanamke mwenye watoto anatafuta nini darasani na wasichana. Ambakisye amewajibu wote jibu moja, kwamba mama yake anakuja kukaa na watoto na yeye mwenyewe anajifunza kusonga ugali. Nimeuonja. Una mabuje. Nimeula wote.

Na wiki iliyopita niliitwa hospitali ya misheni kuhojiwa, kwa nafasi ya kujifunza ukunga huku nikifanya kazi. Hilo ndilo jambo nililotaka kukuambia. Tulikuwa wanawake kadhaa kwenye benchi, wengi wadogo, wamesoma, wana vyeti vya kushona na vya mapishi mikononi. Nilipoingia, sista mkubwa aliniuliza nimesomea nini. Nikasema afya ya mtoto. Akauliza kingine nini. Nikasema hicho tu. Akaniuliza juu ya kuharisha, nikamjibu. Akaniuliza juu ya maji, juu ya macho ya mtoto mchanga, juu ya mama mwenye homa ya baada ya kujifungua anapaswa kupelekwa wapi na kwa haraka gani, nikajibu. Kisha akainama mbele akaniuliza, "Na mtoto akitoka kitovu kimemzunguka shingoni na kumkaba, utafanya nini?"

Zamani ningekimbilia vijitabu vyangu vyote kichwani, ningeokota neno hapa na neno pale nikamshonea jibu. Nilimtazama usoni.

"Sijui, sista," nikasema. "Sijafika huko. Ndicho nilichokuja kujifunza."

Akafunga kalamu yake, akasema, "Njoo Jumatatu."

Kesho ni Jumatatu, wifi. Lala salama huko Madibira. Mimi naenda kazini.

Wifi yako akupendaye,
Skolastika